Labridi wa Bahari ya Hindi kwenye Ardhi ya Munigi

Labridi ni jamii ya samaki wa baharini yenye spishi zaidi ya 500, na wengi wao huishi kwenye matumbawe ya bahari za joto. Yumo Cheilinus undulatus, anayeweza kupita urefu wa mita 2, na wamo wadogo wa sentimita 10 ambao rangi zao zimewafanya watafutwe na wafugaji wa matangi dunia nzima. Rangi humsimamisha mnunuzi mbele ya kioo, lakini haimwambii lolote kuhusu matunzo. Jambo la kuulizia kwanza ni mahali samaki anapolala. Baadhi ya labridi hujizika mchangani jua linapozama na hawaonekani tena mpaka asubuhi. Wengine hujibanza kwenye mwanya wa jiwe na kujizungushia mfuko wa ute. Makundi haya mawili hujengewa matangi tofauti, na aliyewekwa kwenye tangi la kundi jingine hudhoofika hata kama maji ni safi na chakula kipo.

Munigi, kaskazini mwa jiji la Goma, mashariki mwa Kongo, swali hilo lina uzito wa pekee. Ardhi yote ni lava ya volkano ya Nyiragongo, eneo liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi Mombasa ni karibu kilomita 1,200 kwa mstari ulionyooka. Hewa ni nyepesi, usiku ni baridi, maji yanatafutwa kwa bidoni na mchanga wa karibu ni mweusi na mkali. Kila moja ya hali hizo inamgusa labridi mahali fulani.

Labridi wanaofaa kuanza nao wanapatikana pwani ya Kenya, ambako kwa miongo mingi wapiga mbizi wa maeneo kama Shimoni, Kilifi na Mtwapa wamekuwa wakikamata samaki wa mapambo kwa nyavu za uzio na za mkono ili wauzwe nje. Bora kuliko wote kwa tangi la nyumbani ni Halichoeres iridis. Hafiki sentimita 12, mwili wake ni wa zambarau iliyokolea, kichwa ni cha rangi ya machungwa chenye michirizi ya kijani, hana ugomvi mwingi na hula karibu kila anachopewa akishazoea. Hulala mchangani. Macropharyngodon bipartitus, aliyetajwa kisayansi na mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith mwaka 1957, ni mzuri zaidi machoni: jike lake lina madoadoa yanayong'aa hadi tumboni. Ila huyu hushinda akidonoa wanyama wadogo sana wa mawe na mchanga, na tangi changa lisilo na viumbe hivyo humtia njaa. Anayeanza amwache kwa mwaka mmoja hivi.

Katika kundi la walalao kwenye ute, Cirrhilabrus exquisitus, naye wa Smith wa mwaka huohuo, huogelea juu ya mawe akidaka chembe zinazopita majini, na dume hubadili rangi zake kwa ghafla anapojionyesha. Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita, ni mdogo na mgumu wa kufa, lakini akishamiliki pembe yake huwasumbua wageni wote. Huyo huingizwa mwisho. Mwaka 2019 kundi hili liliongezewa Cirrhilabrus wakanda, aliyepatikana Zanzibar kwenye matumbawe ya kina cha kati ya mita 50 na 80, mwenye magamba ya zambarau. Ni samaki wa wanasayansi na wapiga mbizi wenye vifaa maalumu. Samaki anayetolewa kina hicho lazima apandishwe kwa vituo, la sivyo kibofu chake cha hewa hutanuka na kumwumiza.

Wapo wa kukataliwa hata wakiuzwa kwa bei ndogo. Mtoto wa Coris cuvieri ana rangi nyekundu na mabaka meupe yaliyozungushiwa weusi, na wengi humnunua akiwa na sentimita 5. Akikua hufikia sentimita 38, hupindua mawe na kula konokono, kaa na urchini wa tangi. Labroides dimidiatus, anayesafisha samaki wengine kwa kula wadudu walio juu ya ngozi zao, hukosa kazi na chakula katika tangi lenye samaki wachache, na kumwondoa baharini kunawanyima huduma samaki wengi wa mwamba wake. Cheilinus undulatus amewekwa katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 2004, na hakuna sebule inayomtosha.

Samaki akikaguliwa kabla ya kununuliwa, tumbo liangaliwe kutoka juu: likiwa limebonyea nyuma ya kichwa, ameshakaa na njaa muda mrefu. Midomo ya labridi walalao mchangani huchubuka wanapojaribu kujizika kwenye sakafu tupu ya plastiki, na mdomo uliovimba huzuia kula. Anayeogelea mkia ukiwa juu ana tatizo la kibofu. Kipimo chenye uzito kuliko vyote ni kumwona akila kwa muuzaji.

Safari ya kuja Munigi ina hesabu yake. Samaki hufungwa katika mfuko wa plastiki wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, ndani ya sanduku la polisterini, baada ya kukaa siku moja au mbili bila chakula ili asichafue maji. Mfuko uliofungwa Mombasa huongeza ujazo wa hewa yake kwa karibu asilimia 20 ukifika mwinuko wa Munigi, kwa sababu shinikizo la hewa hupungua kutoka hektopaskali 1,013 hadi karibu 845. Ukipita kwa barabara kwenye nyanda za juu za Kenya, palipo zaidi ya mita 2,500, hutanuka zaidi ya hapo. Mfungaji asiyeacha nafasi atasafirisha mifuko inayopasuka njiani.

Mfuko ukifika, haraka huokoa maisha. Pumzi ya samaki imejaza maji kabonidioksidi, pH imeshuka, na amonia iliyokusanyika iko katika umbo lisilo na sumu kubwa. Mfuko ukifunguliwa kabonidioksidi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu. Kwa hiyo zoezi la kumdondoshea samaki maji mapya tone kwa tone kwa saa nzima, linalofaa kwa safari ya dakika chache kutoka dukani, linamdhuru aliyesafiri siku mbili. Njia salama ni kuelesha mfuko uliofungwa mpaka joto lilingane, kuandaa maji ya tangi la karantini yenye kiwango kilekile cha chumvi alichotoka nacho, kisha kufungua, kumtoa na kumhamisha mara moja. Maji ya mfuko humwagwa.

Hapa Munigi ina faida ambayo mfugaji wa Marekani hana. Labridi walalao mchangani hufuata saa ya jua la kwao, na wanaopelekwa Marekani hukaa siku nyingi wakijizika mchana na kuamka gizani. Jua la Goma huchomoza dakika 42 hivi baada ya la Mombasa, na urefu wa mchana karibu ni uleule, kwa kuwa miji yote miwili iko jirani na ikweta. Samaki wa Kenya huamka Munigi karibu wakati wake wa kawaida na kuanza kula mapema.

Maji ndiyo kazi kubwa. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi zilizoyeyuka za karibu gramu 1 kwa lita, nyingi zikiwa bikaboneti na magnesi, na pH yake ya juu inakaribia 9. Mtu anaweza kudhani kwamba yameshaanza safari ya kuwa bahari na yanahitaji kuongezwa chumvi tu. Uwiano wa madini yake ni mwingine kabisa, na chumvi ya tangi ikimwagwa humo hutoa maji ambayo kipimo cha chumvi kinayasifu huku yaliyomo yakiwa mabaya. Mvua nayo si safi kama inavyodhaniwa. Moshi wa Nyiragongo huipa tindikali na floraidi, na mabati ya paa huiongezea zinki, ambayo huua kamba na konokono wa tangi kwa kiwango kidogo sana.

Suluhisho ni lilelile kwa maji yote mawili: chujio la osmosisi, lenye utando unaozuia madini. Chujio hilo hutupa lita 3 au 4 kwa kila lita 1 inayotoa, na mahali ambapo bidoni hubebwa kwa chukudu, yaani skuta ya mbao, au mgongoni hakuna haki ya kumwaga maji hayo. Yanayotoka pembeni yanafaa kwa kufulia na kupigia deki. Yanapotokana na mvua, yasinywewe, kwa sababu floraidi imezidi humo. Kisha chumvi ya tangi huyeyushwa kwa gramu 35 kwa lita. Tangi la lita 300, ambalo ndilo dogo kabisa linalofaa kwa labridi watatu au wanne, huhitaji kilo 10 na nusu za kuanzia na kilo 1 hivi kila wiki ya kubadili lita 30.

Mawe na mchanga ndipo ardhi ya Munigi inapovutia na kudanganya. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, ndiyo maana ilikimbia kama maji mwaka 1977 na kuingia hadi katikati ya Goma mwaka 2002 kupitia nyufa zilizofunguka karibu na Munigi. Ikipoa huwa jiwe lenye matundu mengi, na matundu hayo ni makazi mazuri ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Vipande vilivyosuguliwa kingo, vikachemshwa na kulowekwa kwa wiki kadhaa vinaweza kujenga miamba ya tangi na kujaza sanduku la chujio. Visitegemewe kushikilia pH, kwa kuwa havina kalsiamu kaboneti ya jiwe la matumbawe.

Mchanga mweusi wa lava ni habari nyingine. Chembe zake zina kingo za kioo, na Halichoeres anayejitupa humo kwa kasi kila jioni atachanika ngozi na kupata vidonda vinavyooza. Mchanga wa volkano mara nyingi huwa pia na chembe zinazovutwa na sumaku, ambazo huganda kwenye rota ya pampu na kuisaga. Kwa walalao mchangani hakuna mbadala wa mchanga laini wa aragoniti, wa chembe zisizozidi milimita 2, uliotandazwa kwa kina cha sentimita 6 hadi 8. Ukikosekana, uamuzi wa busara ni kumchagua Cirrhilabrus au Pseudocheilinus, ambaye anahitaji mianya ya mawe tu, na mawe Munigi hayajawahi kupungua. Hata tangi la karantini la mlala mchangani huwekewa bakuli la mchanga. Sakafu tupu humtia hofu usiku kucha.

Hewa inakuja baada ya hapo. Maji ya bahari yenye nyuzi 26 hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita yakiwa usawa wa bahari. Kwa mwinuko wa Munigi hubeba karibu 5.6. Samaki wanaishi vizuri kwa kiwango hicho, lakini akiba iliyobaki umeme ukikatika ni ndogo. Idadi ya samaki ipunguzwe chini ya ile inayoshauriwa vitabuni, uso wa maji uchemkechemke muda wote, na pampu ndogo ya hewa iunganishwe na betri ya sola inayowaka yenyewe. Hiyo inunuliwe kabla ya taa za bei kubwa. Pampu ivute hewa kutoka juu ya ukuta, mbali na jiko la makaa. Kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa na hulala chini, jambo ambalo wakazi wa ukanda huu wanalijua kwa sababu ya mazuku, yaani mabonde yanayojaa gesi hiyo kutoka ardhini.

Joto halina hatari kubwa hivyo. Pwani, mfugaji hupambana na maji yanayochemka mchana. Munigi hupambana na usiku. Hita ishike nyuzi 25 au 26, na pande tatu za tangi zikivikwa polisterini, lita 300 hupoa polepole kiasi kwamba saa chache bila umeme haziwaumizi samaki. Kifuniko kiwe cha wavu wa matundu ya milimita 6. Labridi karibu wote huruka wakishtuka, na taa inayozimika ghafla huwashtua.

Tangi likishakaa wiki 4 hadi 6 na amonia pamoja na nitriti vikisoma sifuri, wapole huingizwa kwanza. Labridi wengi huzaliwa majike, na aliye mkubwa hugeuka dume pale dume anapokosekana. Kununua majike wadogo wawili au watatu wa spishi moja kwa pamoja kunagharimu kidogo, kunapunguza vita, na baada ya miezi kadhaa mmoja wao huvaa rangi za dume mbele ya macho ya mfugaji. Dume wa Cirrhilabrus aliyewekwa peke yake, kinyume chake, hufifia.

Kwa chakula, mayai makavu ya atemia, vijikamba vya maji ya chumvi, yanaifaa Munigi kuliko vyakula vya kugandishwa, kwa sababu hayahitaji friji: kopo hukaa miezi, na kijiko kidogo ndani ya chupa ya maji ya chumvi yenye joto na hewa hutotoa ndani ya saa 24 hadi 36. Baada ya hapo samaki huzoeshwa punje kavu za baharini, kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Sambaza, samaki mdogo wa Ziwa Kivu, asagwe mara chache tu, kwani labridi hawa kwa asili hula kamba wadogo, minyoo na konokono. Mgeni anayejizika na kutoonekana siku tatu au nne asifukuliwe. Hutoka mwenyewe asubuhi moja, na chakula cha kwanza kiwe atemia hai.