‘Mdhamini’ si ‘mthamini’: Chunga herufi unapotia sahihi

JUMA lililopita, jirani yangu hapa Kangemi alinibishia hodi usiku akiwa na fomu ya mkopo mkononi. Aliyekuwa akikopa ni shemeji yake, fundi cherehani. Fomu ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, jambo lililonifurahisha kabla sijaisoma. Chini kabisa palikuwa na mstari: ‘Jina na sahihi ya mthamini’.

“Mwalimu, nataka tu unionyeshe pa kuweka sahihi,” akaniambia. “Si hapa wanataka niseme hiyo cherehani inafika pesa ngapi?”

Kwa jinsi neno lilivyoandikwa, jirani alikuwa sahihi. Mthamini ni mtu anayekadiria bei ya kitu. Lakini aya iliyotangulia ilisema kuwa mkopaji akishindwa kulipa, huyo ‘mthamini’ ndiye atakayedaiwa. Huyo si mthamini. Ni mdhamini.

“Kumbe hapo ningelipa mimi?” Jirani akaikunja fomu na kuitia mfukoni. Alisema angeongea na mkewe kwanza.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kila ninapolalamikia mkanganyo wa ‘th’ na ‘dh’, huwa naambiwa, “Si ni kitu kimoja tu, bora tunaelewana!” Hatuelewani.

Tuyatazame maneno yenyewe. ‘Dhamana’ ni ahadi au mali inayowekwa ili kumhakikishia mtu kuwa jambo litatimizwa. Kutokana nalo tuna dhamini, mdhamini na udhamini. Ndiyo maana mshukiwa huachiliwa kwa dhamana, na kampuni inayogharamia ligi ya soka huitwa mdhamini. ‘Thamani’ nayo ni kima au ubora wa kitu. Ukoo wake ni thamini, mthamini na uthamini. Mthamini wa ardhi hukwambia shamba lako lina bei gani, kisha akaenda zake. Mdhamini anaweza kulipoteza lake.

Koo hizi mbili zimetoka katika Kiarabu, ambako maneno hujengwa juu ya konsonanti za mzizi. Huko pia, konsonanti ya kwanza ya ‘dhamana’ si ile ya ‘thamani’. Kwa hivyo tofauti hii haikubuniwa na walimu ili kuwatesa watahiniwa.

Jozi nyingine inayosumbua ni ‘thibiti’ na ‘dhibiti’. Kuthibitisha ni kuonyesha kuwa jambo ni la kweli. Kudhibiti ni kuweka chini ya mamlaka, kuzuia lisiende ovyo. Mara ngapi tumesoma kwamba polisi ‘wamedhibitisha’ kisa fulani, au kwamba serikali imeshindwa ‘kuthibiti’ bei ya unga? Tena kuna ‘athiri’ na ‘adhiri’. Anayeandika kuwa ukame ‘umewaadhiri’ wakulima amesema kwamba ukame umewaaibisha.

Je, chanzo cha mkanganyo huu ni uzembe? Walimu wengi husema hivyo. Mimi sikubaliani nao.

Abiri matatu ya Kawangware inayopitia Hurlingham utokapo katikati ya jiji. Utapita Barabara ya Argwings Kodhek, iliyopewa jina la wakili na mwanasiasa aliyefariki mwaka wa 1969. ‘Dh’ ya jina hilo ni ya Dholuo, na huko huwakilisha ‘d’ inayotamkwa ulimi ukigusa meno. Si ‘dh’ ya dhahabu. Ukifika upande wa Lavington utakutana na jina Muthangari. Mbele zaidi kuna Waithaka na Uthiru. Majina haya ni ya Kikuyu, na katika maandishi ya Kikuyu, ‘th’ husomwa kama ‘dh’ ya Kiswahili. Mwenyeji hutamka ‘Udhiru’, na hakosei. Hata Thogoto, jina linalohusishwa na wamishonari wa Kiskoti, husomwa hivyo hivyo.

Sasa mchukue mtoto aliyelelewa Uthiru. Tangu azaliwe ameona ‘th’ kwenye mabango na kusikia ‘dh’. Shuleni anapatana na Kiingereza, ambacho huandika sauti zote mbili kwa ‘th’, kama katika ‘think’ na ‘this’. Kisha Kiswahili kinamwambia kila sauti ina herufi zake. Akiandika ‘thamana’, hajazembea. Ametumia kanuni ya lugha nyingine. Mwenzake ambaye lugha yake ya nyumbani haina sauti hizi hukimbilia ‘s’ na ‘z’, naye akitaka kusema thamani, anasema samani, yaani fanicha. Wazee wa Nairobi waliita senti hamsini ‘sumuni’, nalo limetokana na ‘thumuni’, sehemu moja ya nane.

Ndiposa nina lawama kwa namna tunavyofundisha vitate. Mwanafunzi hupewa orodha ndefu: thamini na dhamini, athiri na adhiri, kisha anaagizwa atunge sentensi. Anakariri, anapata alama, anasahau. Orodha humwonyesha kuwa maneno yanafanana, ilhali anachohitaji ni kujua yanapotengana.

Nipendekeze mambo mawili. Kwanza, sauti itangulie herufi. Mwambie mtoto aguse koo lake na kutamka ‘dh’ kisha ‘th’. Sauti zote mbili hutamkwa ulimi ukiwa baina ya meno, lakini ‘dh’ ni ghuna, hivyo koo litatetemeka. ‘Th’ ni sighuna, koo litatulia. Mwalimu akumbushe wazi kwamba ‘th’ ya Uthiru si ‘th’ ya thelathini. Pili, neno lifundishwe pamoja na ukoo wake. Aliyezoea dhamana, dhamini, udhamini hatababaika akikutana na mdhamini.

Simcheki mtu kwa lafudhi yake. Kila mmoja wetu ana ya kwao, na gumzo la barabarani lina njia zake za kurekebishana: usipoelewa, unauliza. Fomu haiulizwi. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ni haki kudai fomu na mikataba kwa lugha hii. Lakini wanaoiandika wana wajibu wa kufungua kamusi kabla ya kuchapisha. Mwananchi akishatia sahihi, hawezi kujitetea kwamba alisoma ‘mthamini’ na kuelewa mthamini.

Jirani yangu alirudi Jumapili. Aliamua kumsaidia shemejiye, akijua sasa anachojitwika. Kabla ya kutia sahihi aliomba kalamu yangu, akaikata ‘t’ na kuandika ‘d’ juu yake.