Karatasi Mgongoni mwa Mfarishi

Watu wengi wakiuona mfarishi wa viraka huutazama usoni: rangi zilivyopangwa, maua yaliyotokana na magauni na mashati ya zamani, nyota iliyochomoza kwenye mabaki. Bibi aliyenifundisha ufundi huu, kaskazini mwa Uingereza, alianza kwa kuugeuza. Alifungua kasha, akatoa kazi ya nyanya yake ambayo haikuwahi kumalizika, akaitandaza mezani kifudifudi. Mgongo wote ulikuwa karatasi.

Hiyo ndiyo siri ya ufundi wenyewe. Kila kipande cha kitambaa hukunjwa juu ya karatasi iliyokatwa kwa umbo lake, mara nyingi pembesita, kikapigwa bandi kisiteleze. Kisha vipande huungwa ukingo kwa ukingo kwa mshono mdogo mdogo ambao ukitazama usoni huuoni. Kitambaa ni kilegevu, hujivuta na kujipinda. Karatasi ndiyo inayokifunza kukaa kwenye pembe zake. Kipande kikishazungukwa na wenzake pande zote, bandi hufumuliwa, karatasi hutolewa, na hakuna anayeitaja tena.

Nyanya yule hakufika hapo, kwa hiyo karatasi zake zilibaki. Moja ilikuwa ya daftari la shule, na hesabu ya kujumlisha ya mtoto imekatwa kabla ya jibu. Nyingine ilikuwa ankara ya duka: chai, sabuni, mishumaa. Nyingine barua, wino wake umegeuka kahawia, na mkasi umepita katikati ya maneno ya mtu aliyekuwa akiomba kitu. Niliinama juu ya meza ile nikisoma kipande kimoja baada ya kingine, hapa jina, pale tarehe, pale neno moja tu la kusalimu. Bibi hakunihimiza. Aliniambia kwamba karatasi ilikuwa ghali siku hizo. Barua ikishasomwa na kujibiwa, ilipewa kazi ya pili.

Kauli hiyo ina malezi mazima ndani yake. Katika nyumba ya nyanya yule gauni lililochanika kwapani lilikuwa bado na kifua kizima, na kifua kilitoa maua kadhaa. Aliyekata vipande vile alijua kila kitambaa kilivaliwa na nani na siku gani. Hakuhitaji kwenda dukani ili aanze. Alihitaji kukumbuka, na kuwa na subira.

Ufundi huu ni wa kale. Chama cha mafundi wa mifarishi cha Uingereza, The Quilters' Guild, kinahifadhi tandiko la viraka vya hariri lenye mwaka 1718, na karatasi zake zingali ndani. Mwaka 1811 Jane Austen, mwandishi wa riwaya, alimuuliza dada yake Cassandra kwa barua kama amekumbuka kukusanya vipande, maana kazi ilikuwa imesimama. Tandiko walilolishona wao wawili na mama yao lipo hadi leo katika nyumba waliyoishi, Chawton. Na Singapore ilipoangukia mikononi mwa Wajapani mwaka 1942, wasichana wa Girl Guides waliofungwa katika gereza la Changi walishona kwa siri mfarishi wa pembesita kwa vipande walivyookoteza, wampe zawadi kiongozi wao, Elizabeth Ennis. Sasa uko London, katika Imperial War Museum. Walinyimwa karibu kila kitu, nao wakaona vipande vile vinatosha kumheshimu mtu.

Sisi wa pwani tusidhani haya ni ya wenzetu peke yao. Katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mkononi zilizouzwa kwa jora zikiwa hazijatenganishwa, wakazikata, wakaziunga sita kuwa vazi moja, tatu juu na tatu chini. Viwanda vilikuja baadaye kuiga kazi ya sindano zao. Leso tunayojifunga leo imezaliwa na mshono wa kuunga.

Nilimpelekea bibi leso ya mama yangu iliyochakaa, nikaikata pembesita mbele yake. Maandishi ya leso yakakatika: kipande kimoja kikabeba nusu ya neno, kingine herufi mbili. Bibi akaviweka vipande hivyo kando ya barua ya nyanya yake, akaniomba nimsomee. Mama hakumjua nyanya yule, wala lugha yake, lakini wote wawili walikuwa wameacha maneno kwenye vitambaa vyao.

Siku hizi karatasi za ufundi huu huuzwa zikiwa zimekatwa tayari, nyeupe, sawasawa, hazina hata herufi. Vitambaa navyo huuzwa vipya, vimekatwa vipande kwa makusudi ili vifanane na masalio. Na nguo zenyewe? Nchi iliyotunza tandiko la 1718 inatufungia nguo zake katika marobota, yakafunguliwa katika masoko ya Kongowea na Gikomba; humo mna mashati yaliyovaliwa mara chache, ya kitambaa chepesi kisichostahimili mshono wa pili, na yasiyouzika huishia jalalani. Nasi tumejifunza upesi. Kwenye baraza za mafundi cherehani wetu, vipande vizuri vya kitenge na leso hufagiwa jioni na kuchomwa pamoja na maganda ya ndizi.

Sisikitiki kwa kuwa mashine imeingia. Fundi mwema huweza kuitumia vyema. Nasikitika kwa sababu tumeacha kukiuliza kitu kilichochakaa bado kinaweza nini. Barua hatuandiki, na jumbe zetu tunazifuta ili simu ipate nafasi. Nguo hatuzijui zilikotoka wala zinakokwenda. Mwanamke aliyekufa bila kumaliza kazi yake alituachia hesabu za mtoto wake, deni lake dukani na ombi la mtu aliyemwandikia. Sisi, wenye nguo na maneno mengi kumshinda, hatuwaandalii wajukuu zetu hata hayo.