Mifuko ya Macho, Vijiko vya Baridi na Kopo Lisilo na Lebo

Shangazi yangu anaishi Marui, kule Kisarawe, na si mtu wa kutuma video. Akinitafuta WhatsApp ni sauti ya dakika nne, na jogoo anawika nyuma yake. Kwa hiyo mwezi uliopita aliponitumia klipu ya dada mmoja akifundisha namna ya kuondoa mifuko ya chini ya macho kwa siku 7, niliifungua palepale. Chini yake alikuwa ameandika: "Hii kweli mwanangu? Wewe si ndo unasomea mambo haya." Kiukweli sisomei haya. Mimi nasomea protini za korosho. Ila ukishakuwa na digrii ya pili, kwenye ukoo wewe ni daktari wa kila kitu.

Nimeitazama klipu ile mara sita. Simtaji dada mwenyewe, maana klipu za namna hii ziko kwa mamia na karibu zote zimeshonwa kwa kitambaa kimoja. Hebu tuichambue pamoja.

Nianze na sifa, kwa sababu anastahili. Anaongea vizuri kuliko wengi wetu tunaoandika hapa. Ndani ya dakika moja amesema lala vya kutosha, punguza chumvi usiku, weka kitu cha baridi asubuhi, na yote matatu yana msingi. Ukilala chali saa nane, maji ya mwilini ambayo mchana huvutwa kwenda miguuni hujigawa upya, na sehemu yanakopenda kukaa ni pale penye ngozi nyembamba na nyama laini. Ngozi ya kope ina unene wa karibu nusu milimita tu. Chumvi nyingi huufanya mwili ushikilie maji zaidi. Na usingizi? Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha kwenye jarida la BMJ kazi moja ninayoipenda: waliwapiga picha watu 23 wakiwa wamelala vizuri, na tena wakiwa wamekeshwa, kisha wakawaonyesha picha hizo watu 65 wasiojua nani kalala na nani hajalala. Waliokesha walionekana wachovu, wenye afya ndogo na wasiovutia. Kazi nyingine ya 2013 ikaonyesha kuwa macho yaliyovimba na weusi chini yake ni sehemu ya kinachotusaliti.

Kwenye baridi dada anasema weka vijiko viwili kwenye friji. Shangazi hana friji. Ana mtungi, na mtungi ni fizikia tosha: maji yanapenya kwenye vinyweleo vya udongo, yanakauka kwa nje, na yanapokauka yanachukua joto la yale yaliyobaki ndani. Kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya mtungi kitafanya kazi ya kijiko. Mishipa midogo ya damu inasinyaa na uvimbe unashuka. Tango nalo ni hivyohivyo, ni ubaridi na umaji. Kachumbari yako iache salama.

Sasa tuje kwenye matatizo.

La kwanza ni picha zake za kabla na baada. Siku ya kwanza amejipiga akiwa kitandani, nywele hazijachanwa, taa iko juu ya kichwa. Siku ya saba yuko dirishani, mwanga unampiga usoni moja kwa moja. Wewe msomaji fanya jaribio hili leo: simama chini ya taa ya dari, jiangalie kwenye kioo, halafu washa tochi ya simu na ujimulike kwa mbele. Nusu ya "mifuko" yako itapotea, kwa sababu ilikuwa kivuli. Isitoshe, uvimbe wa asubuhi kwa watu wengi hushuka wenyewe wakishaamka na kutembea. Ukipaka kitu saa 12 asubuhi na kujiangalia saa 6 mchana, hata ungepaka uji ungekuwa na ushahidi.

Namna ya kujua ni rahisi mno, ndiyo maana inaniudhi kwamba hakuna anayeifanya: paka jicho moja, jingine liache. Kuna watafiti wa Thailand walioijaribu jeli ya kafeini, ile ambayo dada anaisifia kwamba "inakausha mifuko", kwa watu 34, na matokeo yakatoka 2011. Waliilinganisha na jeli ileile isiyo na kafeini. Wengi wa washiriki hawakuonyesha tofauti ya maana. Kilichokuwa kinasaidia zaidi ni ubaridi wa jeli yenyewe. Yaani tumerudi mtungini.

La pili ni kuchanganya vitu vitatu kwenye kapu moja. Kuna uvimbe wa maji, unaokuja na kuondoka. Kuna weusi, ambao ni rangi ya ngozi au mishipa inayoonekana kwa chini, na mara nyingi ni urithi, au ni matokeo ya kufikicha macho kila siku. (Ukipikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, utafikicha tu.) Halafu kuna mafuta. Jicho limekaa juu ya mto wa mafuta ndani ya tundu lake, na kuna utando unaoyazuia yasitoke mbele. Umri ukisogea utando unalegea, mafuta yanachungulia. Mfuko wa namna hii hauondoki mchana wala jioni, na hakuna krimu inayoweza kuyarudisha mafuta nyuma ya utando. Kinachoyaondoa ni upasuaji. Mtu mwenye mifuko ya mafuta akiambiwa alale zaidi, atalala, ataamka nayo, na atajiona mvivu.

Hadi hapo ningesema klipu ni ya kawaida, ina mazuri na ina porojo. Lakini dakika ya tatu dada anatoa kopo. Halina lebo. Anasema ni mchanganyiko wake mwenyewe, unang'arisha chini ya macho, na unaagizwa kwa kutuma namba. Sisi tunajua jina lake: mkorogo.

Hapa sitanii. Kopo lisilo na lebo linaweza kuwa na steroidi kali, ambazo hukonda ngozi ambayo tayari ni nusu milimita, na zikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Linaweza kuwa na haidrokwinoni. Linaweza kuwa na zebaki. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013, ulilenga vipodozi hivi moja kwa moja, na kwetu usimamizi wa vipodozi uko TBS tangu 2019, ulipotoka iliyokuwa TFDA. Kopo la kutumiwa kwa bodaboda halipiti kwa yeyote kati yao.

Na zebaki ina kisa chake hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliougua figo kwa namna ambayo protini zinavuja kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Sasa angalia mzunguko ulivyo wa kikatili. Protini iitwayo albumini ndiyo inayoyashikilia maji ndani ya mishipa ya damu. Ikivuja kwenye mkojo, maji yanatoka na kwenda kujaa pale penye nyama laini. Wapi? Chini ya macho, asubuhi. Yaani krimu unayoipaka kwa ajili ya macho inaweza kuharibu figo, figo zikavimbisha macho, nawe ukaongeza krimu.

Hili ndilo kosa kubwa la klipu, kubwa kuliko lile kopo. Ndani ya dakika zote tano hamna sentensi hata moja inayosema ni nani asijaribu haya nyumbani. Uvimbe wa macho wa kila asubuhi ulioanza ghafla, mkojo wenye povu lisilokatika, miguu inayobonyea ukiigusa jioni: huyo haendi kwenye vijiko, anakwenda kupimwa mkojo. Mtoto aliyevimba uso vivyo hivyo. Na jicho moja lililovimba, jekundu, lina maumivu na homa, ni hospitali siku hiyohiyo. Sentensi tatu tu, zingeingia kabla ya muziki wa mwisho.

Tena lawama hizi zinatuhusu na sisi. Kazi ile ya Nairobi imekaa kwenye majarida kwa zaidi ya miaka 50, kwa Kiingereza, na mimi mwenyewe nimeisoma kwa sababu tu shangazi ametuma klipu.

Nilimpigia jioni ile. Shikamoo, marahaba, habari za shamba, kisha nikamuuliza macho yake yameanza lini kuvimba. Akasema tangu mvua za vuli. Nikauliza kuhusu mkojo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mbona una povu kama la sabuni, mwanangu, nikajua ni choo kimemwagiwa dawa." Kopo alikuwa ameshaliagiza siku nyingi. Klipu alinitumia, nadhani, ili nimwambie amefanya vizuri.

Alikwenda zahanati Jumatatu. Kijiti cha mkojo kimeonyesha protini, wamempa rufaa, na wiki ijayo nakwenda naye. Kopo nimemwambia alifunge vizuri kwenye mfuko aje nalo, daktari alione. Anasema limebaki nusu. Nusu nyingine alimpimia jirani, ana binti anayeolewa mwezi wa saba.