Upendi na Mahadhi ya Bahari Isiyo Yetu

Katika The Lion King II: Simba's Pride, sinema ya katuni iliyotolewa kwa kanda za video mwaka 1998 ili iwe muendelezo wa ile ya mwaka 1994, pana mahali pamoja ambapo waliokabidhiwa muziki walikuwa na kila kitu mikononi mwao wakakitupa, na maadamu wasomaji wangu wameiona sinema hiyo mara nyingi kuliko nilivyoiona mimi, kisa chake sitakisimulia, bali nitakwenda moja kwa moja hadi kwenye taksiri yenyewe, nayo ni wimbo wa Upendi.

Jina la wimbo nitalipita, kwa kuwa mtoto wa darasa la pili hapa Kalobeyei, Turkana, angaliweza kuwasahihisha bila ya kudai ujira. Ninalolishitaki ni mahadhi.

Kumbukeni usiku ule. Kovu na Kiara wamelala chali nyasini wakizitazama nyota. Mzaha wa mchana umekwisha. Kovu, aliyelelewa ili aue, amekiri kwa mara ya kwanza kwamba Scar, ingawa hakumzaa, amebaki kuwa sehemu ya nafsi yake. Na huko juu Simba naye amesimama peke yake, akimtaka shauri baba yake marehemu na asipate jibu. Nick Glennie-Smith, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alishirikiana na Hans Zimmer katika The Rock, na ambaye lugha ya muziki wa mwaka 1994 aliijua kwa ndani, ametandika chini ya maneno hayo muziki mtulivu usiojisukuma mbele, unaomwachia mwana simba nafasi ya kunyamaza. Ni kazi safi. Kila aliyewahi kutunga muziki wa kusindikiza picha anajua kwamba hapo lahani imefunguliwa mlango na bado haijaingia, na kwamba masikio ya hadhira, pasi na kujua, yamekaa tayari kuingojea.

Na anayeingia ni Rafiki, yule nyani mzee, ameshika wimbo wa aina ya kalipso.

Sijui nieleze vipi ukubwa wa mvunjiko huo kwa mtu aliyeuzoea tangu utotoni, maana mazoea hulifanya kosa lionekane kuwa kaida. Wapenzi walikuwa wanaagana; Kovu alikuwa amekwisha kugeuka ili aende zake, akiwa amebeba siri ya kumwangamiza baba wa yule anayempenda; nasi, badala ya kuachwa tuone kama atarudi au hatarudi, tunapakiwa katika mashua, tunateremshwa mtoni, tunapitishwa katika pango ambalo wapenzi wa Marekani hupitishwa kwa tiketi katika viwanja vyao vya michezo, na huku viboko na wanyama wengine wakijipanga kwa maumbo ya moyo. Muziki umeingia hapo kama mgeni aingiaye matangani na zumari. Wala haukujengewa njia: hapana mpito kutoka utulivu wa nyota, hapana mdundo uliotangulia kwa mbali, hapana sauti iliyokwisha kusikika mapema ikarudi ikiwa imevaa furaha. Wimbo unaanza kwa sababu zamu ya wimbo imefika.

Watetezi wake nimewasikia. Husema kwamba watoto huchoka na maungamo, kwamba baada ya uzito huhitajika wepesi, na kwamba Rafiki tangu sinema ya kwanza ni mcheshi. Juu ya wepesi sina ugomvi nao. Lau Rafiki angewachekesha mpaka asubuhi nisingeshika kalamu. Ila huyo Rafiki wa mwaka 1994 mnayemtaja, pamoja na kiwimbo chake cha ndizi ambacho sijakisamehe, ndiye pia aliyempeleka Simba kwenye maji akamwonyesha sura ya baba yake, na hapo watungaji hawakumpa kalipso. Walimpa mbio, pumzi, kisha kimya, kisha kwaya. Mcheshi yule alikuwa mganga. Huyu wa mwaka 1998 amefanywa kiongozi wa watalii.

Na kalipso yenyewe yahusu nini? Ni muziki wa Trinidad, wenye heshima yake na ulimi wake mkali, uliozaliwa na watu waliovushwa bahari kwa minyororo. Ukiupeleka mahali pake utausikiliza kwa taadhima. Lakini katika studio za sinema umegeuzwa kuwa alama ya kisiwa chochote chenye jua na matunda, na mtungaji anayeutumia kwa ajili ya simba wa nyika za Afrika Mashariki huwa hakuuliza swali la kwanza ambalo fundi hupaswa kuuliza, yaani watu wa huko wakipendana huimba nini.

Walitaka kisiwa? Unguja ipo. Nimelisema hili kwa miaka mingi, na wanaonijua watavumilia nikilirudia: kidumbak cha Unguja, kinachochezwa harusini, kina fidla moja inayoongoza, ngoma mbili ndogo zinazosemezana, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa, na lile sanduku lenye kamba moja linalotoa sauti nzito ya chini. Ni muziki wa mapenzi hasa, wa mizaha na vijembe na kutongozana hadharani, na una jambo ambalo tukio lile la nyota lilikuwa likililia: huweza kuanza polepole, fidla peke yake, ikitoka katika hali ya huzuni ya kitaarabu, kisha mdundo ukaingia kidogo kidogo, hadi wacheza wakajikuta wamesimama bila ya kukumbuka ni nani aliyewaamsha. Hilo ndilo daraja lililokosekana. Na lau fidla haikuwapendeza, Mombasa ina chakacha, yenye vumi na chapuo na kiuno. Na Them Mushrooms, waliotoka Mombasa hiyo hiyo, walikwisha kuonyesha mwaka 1982 kwa Jambo Bwana kwamba muziki mwepesi wa Kiswahili unaweza kuwafurahisha wageni wa hotelini na bado ukabaki na anwani yake. Mwafrika wa pwani hakuwa siri. Studio iliyokusanya majina ya Kiswahili kwa wanyama wake wengi ilishindwa vipi kukusanya mpigo mmoja wa Kiswahili?

Tena halikuwa lazima kufika pwani. Hapa petu, katika nchi kavu ya Turkana, vijana huchumbiana katika edonga, ngoma ambayo haitegemei ngoma ya kupigwa: mwimbishaji mmoja hutoa shairi, aghalabu la kumsifu fahali wake, waitikiaji humpokea, makofi huweka hesabu, na miguu inayoruka na kutua pamoja juu ya mchanga ndiyo inayotoa mshindo wa chini. Anayeruka akitua nje ya mpigo hujulikana mara moja, na binti aliyesimama mbele yake hujulikana vilevile kama amekubali kuruka naye au hapana. Hakuna mashua, hakuna pango, hakuna fidla hamsini. Na hata hivyo katika mpangilio huo wa sauti na miguu zimo hofu, majivuno na kukubaliana, yaani kila kitu ambacho Kovu na Kiara walikuwa nacho usiku ule na ambacho wimbo wao haukukigusa.

Sinema hiyo ilipoonyeshwa hapa Kalobeyei, katika uwanja wa wazi, kwa projekta iliyotegemea umeme wa jua na spika moja iliyofungwa kwenye nguzo, nilipata bahati ya kuusikia muziki wake katika mtihani ambao hakuna studio inayouweka. Wakazi wa upande huu, kutoka Kakuma yenye kambi tangu mwaka 1992 hadi makazi haya yaliyofunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji waishi pamoja, wamezoea sinema za usiku chini ya nyota. Na upepo wa jioni wa Turkana ni mhariri asiye na huruma. Fidla za okestra zilichukuliwa zote. Tarumbeta zilifika zikiwa vipande vipande. Lakini ulipoanza He Lives in You, katika lile kusanyiko la wanyama mwanzoni, sauti ya mwimbaji Lebo M ilipenya upepo, waitikiaji wakaja nyuma yake, na kundi la wasichana wa Kiturkana lililosimama mwisho kabisa, karibu na mikokoteni ya maji, likaanza kupiga makofi, wala si juu ya mpigo wa spika, bali katikati ya mpigo na mpigo, hivi kwamba wimbo ukapata mguu wa pili ambao warekodi hawakuuweka. Watoto wa Kikongo waliokuwa mbele waligeuka kuwatazama, kisha wakajiunga. Ilipofika zamu ya Upendi watoto walicheka viboko, na kucheka ni haki yao. Lakini yale makofi hayakurudi, kwa sababu wimbo ule umejazwa kila pengo na hauna pa kumwekea mtu mkono wake.

Hasara haikuishia hapo. Baada ya mashua kufika nchi kavu, mapenzi yamekwisha kutangazwa kwa sauti kubwa, na Simba anapomkaribisha Kovu alale ndani pasipo baridi, tendo zito kupita yote aliyoyatenda katika sinema nzima, muziki hauna tena pa kulipandishia. Na baadaye, wapenzi wanapotafutana baada ya Kovu kufukuzwa, Love Will Find a Way ya Tom Snow na Jack Feldman, lahani nzuri ya kawaida, inalazimika kutuambia kwa unyonge lile ambalo tulikwisha kupigiwa kelele. Mpangilio wa nyimbo ni hesabu. Ukitumia katikati fedha uliyowekewa mwisho, mwisho utakopa.

Yaliyobaki ni mema. He Lives in You, iliyotoka katika albamu ya Rhythm of the Pride Lands ya mwaka 1995 na kupita jukwaani Broadway mwaka 1997 kabla ya kurudi katika sinema, ni ufunguzi unaostahili kusimama karibu na ule wa kwanza. One of Us, wimbo wa kumfukuza Kovu, una ukali wa halaiki iliyokwisha kukata shauri. Muziki wa kusindikiza wa Glennie-Smith unakumbuka asili yake pasi na kuiiga ovyo.

Nasema karibu na ule wa kwanza, si sawa nao, kwa kuwa kipimo changu hakijabadilika tangu mwaka 1994: Zimmer, aliyefiwa na baba yake akiwa mtoto, aliandika kifo cha Mufasa kama mtu aliyekwisha kukaa katika chumba hicho, naye akawa na insafu ya kumwachia Lebo M wa Soweto aufungue mlango wa sinema nzima kwa Kizulu, bila ya tafsiri na bila ya kuomba radhi. Tuzo ya Oscar aliyoipata kwa muziki ule ilikuwa halali yake. Hiyo haina maana kwamba nyumba ile ilikuwa safi. Katika sinema hiyohiyo Timon na Pumbaa waliimba kipande cha wimbo uliotokana na Mbube ya Solomon Linda, iliyorekodiwa Johannesburg mwaka 1939, na mtungaji alikufa fukara mwaka 1962, na jamaa zake hawakupata suluhu ya haki za wimbo huo mpaka mwaka 2006. Na maneno ya hakuna matata, ambayo bibi zetu waliyasema bure, yalisajiliwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya mavazi. Ninayataja kwa sababu yanatoka katika tabia ileile iliyoleta Upendi: Afrika ni ghala, kila mmoja achukue akipendacho, na kikikosekana rafuni basi kiletwe cha bahari nyingine, hadhira haitatambua.

Tabia hiyo haijafa. Katika Mufasa ya mwaka 2024, Kiros, simba mweupe mwenye sauti ya Mads Mikkelsen, anaua na kufukuza watu makwao, kisha Lin-Manuel Miranda anampa Bye Bye, wimbo wa kuchezacheza wa kuagia maiti, na kitisho chote alichokijenga Barry Jenkins kwa picha kinayeyuka kabla ya ubeti wa pili. Ni Upendi ileile, imevaa manyoya meupe.

Atakayeniambia kwamba sinema ya watoto haistahili hesabu kali kiasi hiki, namrudisha kwa Zira, mama yake Kovu. My Lullaby, ya Joss Whedon na Scott Warrender, imo katika sinema hiihii, kwa watoto haohao, kwa bajeti ileile ya kanda za video. Ni wimbo wa kubembelezea mtoto ambao Suzanne Pleshette anauanza kwa upole wa mama halisi na kuumaliza akiwa amekwisha kuua ukoo mzima katika ndoto yake, na kila hatua ya mgeuko huo imebebwa na muziki, mpigo baada ya mpigo. Nao pia unachekesha. Usiku ule Kalobeyei, Nuka alipopachika manung'uniko yake katikati ya kiapo cha mama yake, uwanja mzima uliangua kicheko, na ubeti uliofuata ukaunyamazisha.