Sentensi Hii Yafanya Kazi Gani?

Twataka kunena habari ya swali moja la mtihani. Si swali refu, lakini tumeliona likiwaangusha watoto wanaosoma kwa sauti nzuri pasipo kukwama, wale ambao wazee wakiwasikia husema, "Huyu amesoma." Swali lenyewe ni hili: mtoto hupewa habari fupi, huonyeshwa sentensi moja iliyomo, kisha huulizwa, Sentensi hii yafanya kazi gani katika habari? Haulizwi yasema nini. Aulizwa yafanya nini.

Katika mitihani ya Marekani, kama ule uitwao SAT wanaoufanya vijana watakao kuingia vyuo vya huko, swali hili huulizwa waziwazi: sentensi hupigwa mstari, na mtahiniwa huchagua jibu moja katika manne. Katika mitihani yetu wenyewe mara nyingi laja limejifunika. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, limezoea kumwambia mwanafunzi wa kidato cha nne aifupishe habari kwa maneno yasiyozidi hesabu fulani. Je, atafupishaje mtu asiyejua ni sentensi ipi iliyo neno kuu, na ni ipi iliyo mfano tu? Mfano hutupwa, neno kuu hubaki. Asiyepambanua kazi zao huukata mkia wa habari akadhani amefupisha. Hata mtoto wa darasa la saba aulizwapo ni kichwa kipi kinachoifaa habari, aulizwa jambo lilo hilo kwa mlango wa nyuma, yaani, sentensi zote hizi zamtumikia nani?

Yatupasa kukiri kosa letu kwanza. Kwa miaka kadhaa tuliwafundisha watoto njia ya kidole. Tuliwaambia, "Someni swali, litafuteni neno lake katika habari, wekeni kidole hapo, jibu li karibu." Njia hii yafaa sana kwa swali la "nani" na "wapi" na "lini", na kwa kuwa maswali ya namna hiyo ni mengi, tulisifiwa. Lakini mtoto wa kidole akiulizwa kazi ya sentensi, huiweka ncha ya kidole juu ya sentensi yenyewe, halafu huchagua jibu lililorudia maneno yake. Na mtahini alijua atafanya hivyo, akamtegea.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Jibu la uongo kabisa ni rahisi kulikataa. Jibu linalonasa ni lile lililo kweli, nalo haliko mahali pake.

Tuchukue kitabu cha milima yetu tulione jambo hili. Wengi wetu twazijua Habari za Wakilindi, alizoziandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyekaa kwa Semboja wa Mazinde na kusikia mengi kwa wenyewe. Kitabu hicho kilichapwa kwa sehemu katika mtambo wa Misheni huko Magila kabla ya vita ya 1914, na mwaka 1962 kikatolewa tena Nairobi kwa kazi ya J. W. T. Allen. Twakiheshimu, na twaona ya kuwa shule zetu zimekiacha kabatini bila sababu njema. Ni Kiswahili cha mtu aliyejua kusimulia.

Mwanzoni mwake twaambiwa habari ya Mbegha, mtu wa Nguu, ya kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na watu walimwogopa kama mwenye kuleta mikosi. Wazee wake walipokwisha kufa, jamaa zake walimtenga na kumnyima urithi, naye akaondoka kwao. Sasa natuulize kama mtahini aulizavyo: habari ile ya meno yafanya kazi gani? Tuliandika majibu manne ubaoni. La kwanza, kueleza sura ya Mbegha. La pili, kuonyesha ya kuwa watu wa zamani waliogopa mikosi. La tatu, kutoa sababu ya jamaa zake kumtenga. La nne, kuthibitisha ya kuwa Mbegha hakufaa kutawala.

Watoto wengi walichukua la pili. Nasi hatukuweza kuwaambia ni uongo, maana si uongo. Watu waliogopa kweli. Lakini je, mwandishi alikuwa akitufundisha desturi za Wanguu? Tuliwaambia waifunike sentensi ile kwa kipande cha karatasi, wasome iliyotangulia, waruke, wasome iliyofuata. Wakasoma: alizaliwa; kisha jamaa wakamnyima urithi. Mmoja akasema, "Mwalimu, wamemnyima kwa nini?" Akajijibu mwenyewe kwa kicheko, kwani alikwisha kuona shimo lililobaki. Kazi ya sentensi ni kuliziba shimo lile unaloliona ukiisha kuiondoa. Tangu siku ile tumekiacha kidole, twatumia karatasi.

Jibu la nne lastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu hilo huwanasa hata watu wazima. Jamaa ndio waliomwona Mbegha kuwa mkosi. Mwandishi hakusema hivyo. Alisimulia tu ya kuwa wao walisema. Katika habari nyingi za mtihani mwandishi huleta neno la watu wengine ili alijibu baadaye, na mtoto asiyeangalia hudhani ni neno lake mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza sentensi yafanya nini, afadhali tuulize ni ya nani.

Neno "kuthibitisha" nalo ni la kuogopwa. Majibu ya maswali haya huanza kwa kitenzi: kueleza, kutoa mfano, kutoa sababu, kukanusha, kukubali kwa sehemu, kutanguliza, kuhitimisha. Wanafunzi huyasoma maneno yanayofuata na kukiruka kitenzi, hali kitenzi ndicho jibu. Sentensi yenye mfano mmoja haithibitishi kitu, yaonyesha tu. Sentensi inayosema "si wote" haikanushi, yapunguza. Mtahini hujua kuandika maneno ya kweli yote nyuma ya kitenzi kilichozidi nguvu.

Twende mbele kidogo katika kitabu. Mbegha afika Kilindi, afanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, na kijana huyo apenda kufuatana naye kuwinda nguruwe. Mwanafunzi akiulizwa kazi ya habari hiyo ya urafiki, atajibu, "Kuonyesha ya kuwa Mbegha alipendwa." Asiwe na haraka. Kijana auawa na nguruwe mawindoni, na Mbegha alazimika kukimbia na wenzake kwa hofu ya baba wa marehemu. Urafiki ule uliwekwa pale ili kifo kiwe na uzito, na kukimbia kuwe na sababu. Hapa shimo haliko katika sentensi inayofuata. Liko mbali, chini ya ukurasa. Basi karatasi peke yake haitoshi. Yampasa msomaji aimalize habari kabla ya kujibu.

Tumeandika "basi" sasa hivi, na neno hili lataka kusemwa. Viko vitabu vya mazoezi vinavyowapa watoto orodha: "kwa mfano" ni alama ya mfano, "kwa sababu" ni alama ya sababu, "lakini" ni alama ya kupinga, "basi" ni alama ya hitimisho. Orodha hiyo ni njema kwa kuanzia, nasi twaitumia. Lakini mchukueni mtoto aliyeikariri mkampe kurasa mbili za msimuliaji wa zamani, ataona mahitimisho ishirini. Katika usimulizi ule "basi" mara nyingi ni pumzi tu, msimuliaji aweka mguu chini apate kuinua wa pili. Hahitimishi lolote. Kwingine "basi" ni mzigo mzito kweli kweli. Mlango wa 12 wa Waraka kwa Warumi waanza kwa neno hilo, nalo hapo labeba milango yote iliyotangulia. Somo likianzia hapo siku ya Jumapili, asiyekumbuka ya nyuma husikia maonyo bila kusikia yametoka wapi. Neno ni lile lile, na kazi ni mbili. Alama iliyoko mlangoni haikwambii ni nani aliyemo nyumbani.

Liko jambo jingine ambalo hatukulitazamia, nalo lawahusu hasa watoto wetu wa Usambara. Tulipowapa habari ya Mbegha akigawa nyama, watoto wa upande wa Vuga walishindwa kuliko wale waliotoka mbali. Washambaa walimpa Mbegha chakula cha shamba, naye akawapa nyama ya nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba yao. Tukauliza kazi ya sentensi hiyo katika kipande kile kifupi. Mtoto wa Vuga, aliyesikia hadithi kwa babu yake, alijibu ya kuwa yaeleza jinsi Mbegha alivyopata ufalme na kuitwa Simba Mwene. Ni kweli, lakini ufalme haukuwamo katika kipande. Tulikuwa tumekata kabla ya kuufikia. Jibu lilikuwa ni kueleza jinsi mgeni na wenyeji walivyoanza kupatana. Mtihani hupima kilichoandikwa kwenye karatasi ile, na mtoto ajuaye zaidi huadhibiwa kwa kujua kwake asipojua kujizuia.

Hapo tuna neno na watahini, tunalisema kwa adabu. Steven Feierman, mtaalamu wa historia kutoka Marekani, aliyekuja kukaa milimani kwetu katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, aliisoma habari hii ya Mbegha kwa swali lilo hilo tunalowafundisha watoto: kila jambo dogo limewekwa hapa lifanye nini? Akaona ya kuwa kubadilishana nyama na chakula cha shamba si pambo la hadithi. Ni hatua ya mtu wa porini kuingia katika makao ya watu. Meno nayo yana kazi ya pili: aliyetupwa na jamaa zake kama mkosi ndiye anayekuja kuwa baraka ya nchi nyingine. Kwa hiyo sentensi ile moja ina kazi ya karibu na kazi ya mbali. Mtihani wataka moja tu, na kwa kawaida ni ya karibu. Twawafundisha watoto kuitoa hiyo, kwa kuwa alama zahitajika. Lakini hatupendi waondoke shuleni wakidhani ya kuwa sentensi ya mwandishi hodari ni kama msumari, wenye tundu moja tu la kuingia.

Labda msomaji mkulima atasema, haya ni mambo ya walimu. Mwaka jana jirani yetu, mama anayelima viazi, aliletewa karatasi na mnunuzi mmoja kutoka mjini. Hakuweza kuisoma vema kwa macho yake, akamwita binti yake aliyekuwa amemaliza darasa la saba kwetu. Binti alisoma yote kwa sauti, kila herufi sawa. Mama akauliza, "Bei ni ngapi?" Binti akaweka kidole penye hesabu ya shilingi, akaisoma tena. Mama akatia dole gumba.

Sentensi iliyofuata ile yenye bei ilisema ya kuwa, hata hivyo, malipo yatategemea hali ya soko siku ya kupakia. Binti alikuwa ameisoma. Sote tulimsikia, kwa maana sisi wenyewe tulikuwa tumeketi barazani. Hakuna aliyemwuliza sentensi ile yafanya kazi gani. Siku ya kupakia mama alipewa pungufu ya nusu ya aliyoyatumaini, akatuletea karatasi ile tumwonyeshe uongo uko wapi. Tukaitafuta, hatukuuona. Kila sentensi ilikuwa kweli. Ya pili ilikuwa imewekwa pale ili kuiondoa ya kwanza.

Kidole kile tulikifundisha sisi. Kwa idhini ya mama tumezinakili sentensi zile mbili ubaoni, pasipo majina. Juma hili darasa la sita wataisoma ya kwanza huku ya pili imefunikwa kwa karatasi, nasi tutawauliza bei ni ngapi, waandike. Kisha tutaifunua.