Nyumba ya Mawe ya Guangzhou

Yastahili shukrani ile nyumba ya ibada ya Guangzhou, iliyoanza kujengwa mwaka 1863 na kukamilika 1888, ambayo wenyeji huiita Shishi, Nyumba ya Mawe, ilhali jina lake la wakfu ni Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kwani hata msingi wake una majina, upande wa mashariki jiwe likiwa limechongwa Jerusalem, na upande wa magharibi Roma. Lakini fadhila yake kubwa, kwa rai yangu, huonekana Jumapili alasiri, inaposomwa Misa ya Kiingereza, na wafanyabiashara wa Kiafrika, ambao juma zima madukani huitwa “rafiki” tu, au hujulikana kwa nambari za shehena zao (na shehena, tusisahau, haina msimamizi wa ubatizo), huamkiana kwa majina ya ubatizo: Yosefu, Agnesi, Karoli, huyu wa mwisho akiwa somo wa Karoli Lwanga wa Uganda, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1964. Nao Wakatoliki wa Kichina wana desturi iyo hiyo, kama alivyokuwa nayo padri shahidi Agustino Zhao Rong, aliyetangazwa mtakatifu pamoja na wenziwe 119 mwaka 2000, jina la ukoo na la ubatizo yakitajwa kwa pumzi moja.