Ali Alimshika Shingo, Refa Akiangalia

Hapa kambini ukitaja ngumi mbele ya wazee, hujamaliza sentensi watakuwa wamekupeleka Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri, Ali na Foreman. Kila mzee wa Kikongo alikuwepo uwanjani, hata yule ambaye mwaka ule alikuwa bado anabebwa mgongoni kule Fizi. Mimi nimezaliwa humu humu kambini, lakini hadithi naijua kama jina la babu yangu: Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman ajichoshe, raundi ya nane akamlaza chini.

Mwezi uliopita nililiangalia pambano zima kwenye simu, raundi zote nane, si vile vipande vya dakika mbili. Nilikaa na vijana sita wa kundi langu la ngumi, nikitaka wajifunze uvumilivu. Hatujafika mbali, mmoja akauliza: "Yaya, mbona anamshika?"

Basi nikaacha kuangalia ngumi, nikaangalia mikono. Kumbe ni kweli. Foreman akiingia karibu, glovu ya Ali inapanda nyuma ya shingo yake na kuvuta kichwa chini. Inaachia, inarudi tena. Jaribu wewe mwenyewe: mwambie mwenzako akuning'inie shingoni dakika tatu huku unarusha mikono, halafu uje uniambie nani kakuchosha. Hadithi ya kamba ni ya kweli, ila ni nusu. Nusu nyingine ni shingo. Refa, Zack Clayton, anawaachanisha, wanarudi kule kule, na Ali hakukatwa pointi. Nikisema haki, Foreman naye anasukuma kwa mikono miwili, na hiyo pia ni faulo, naye hakukatwa. Najua wiki hii kuna wazee hawatanisalimia. Mnisamehe, mapapa. Ali kwangu bado ni Ali.

Lakini haikuanzia Kinshasa. Januari ya mwaka ule ule, pale Madison Square Garden, New York, Ali alipigana na Joe Frazier kwa mara ya pili, raundi 12. Frazier alikuwa mfupi, kazi yake yote ilikuwa kuingia ndani na kupiga mwili. Ali alimkumbatia usiku kucha. Kocha wa Frazier, Eddie Futch, alihesabu kukumbatiwa mara 133. Refa Tony Perez aliliacha lipite, na Ali akashinda kwa pointi. Refa huyo huyo, raundi ya pili, alidhani kengele imelia, akawatenganisha wakati Frazier ametikiswa vibaya na Ali. Kwa hiyo siwezi kusema alimpendelea Ali. Alichezesha ovyo tu, na uovyo siku ile uliwagusa wote wawili.

Futch ndiye mtu ninayempenda katika habari hii yote. Hakubaki kulalamika barazani. Walipokwenda Manila mwaka 1975, alilipigania suala la refa kabla ya pambano, akapewa refa Mfilipino, Carlos Padilla. Padilla aliupiga mkono wa Ali kila ulipotafuta shingo. Matokeo? Frazier alishindwa tena! Futch mwenyewe alimzuia asitoke kwa raundi ya 15, macho yalikuwa yamefunga. Lakini linganisha mapambano hayo mawili. La New York unaona mtu anazuiwa kufanya kazi yake. La Manila unaona watu wawili wanapigana mpaka mmoja hawezi tena. Frazier alishindwa na ngumi, na alijua ameshindwa na nini.

Usiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 2013 kule Moscow, Wladimir Klitschko alimlalia Povetkin karibu pambano zima, na pointi ikakatwa raundi ya 11 kati ya 12. Majaji wote watatu waliandika 119 kwa 104. Pointi ya wakati ule ni mwavuli baada ya mvua.

Sasa nirudi kwetu. Kwenye mashindano ya mwisho kati ya zoni, pambano la kwanza refa alimwonya kijana mmoja mara mbili kwa kushika. Vizuri. Pambano la tatu, kijana wangu alikumbatiwa raundi zote tatu, refa yule yule kimya. Nilimfuata baadaye kwa heshima, ni mkubwa wangu. Akanijibu: "Watu walikuwa wanafurahia, sikutaka kuharibu." Simlaumu sana. Anajitolea, halipwi, na sijaona mtu aliyewahi kumpa hata ukurasa mmoja wa sheria.

Ila kijana wangu hakulia kwa kushindwa. Alikuja na ombi: "Yaya, na mimi nifundishe kushika." Hapo ndipo niliumia. Sisi tunaoishi hapa tunaijua sheria inayobadilika kufuatana na aliyekaa mezani: leo kadi inatosha, kesho urudi na karatasi nyingine. Nilikuwa nawaambia vijana kwamba ulingoni ni tofauti.

Ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, asanteni kwa glovu, kweli zimetusaidia. Safari ijayo tuleteeni mtu wa kukaa na marefa wetu siku mbili. Wakubaliane tu: kushika mara ngapi ni onyo, na baada ya onyo pointi inakatwa lini, kwa wote, kuanzia raundi ya kwanza.

Kijana sikumfundisha kushika. Nimemfundisha kutoka: viwiko ndani, hatua ya pembeni, mikono iwe wazi refa aione. Jumamosi anapanda tena, na refa ni yule yule.